Nimelalamika kazini, wakanihamishia zamu ya usiku

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkongo wa Fizi. Nilikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Louisville, Kentucky. Nina grinikadi, na mwezi Desemba nimepeleka maombi ya uraia. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, upande wa usafi na kufua. Tuko wafanyakazi zaidi ya mia moja. Huu ni mwaka wangu wa tano na sijawahi kupewa barua ya onyo hata moja.

Shida ilianza alipokuja shefu mpya, yaani bosi wetu, mwaka jana. Ni mwanamke mweusi kama mimi, naye ametoka Afrika, nchi nyingine. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema tumepata dada. Kumbe! Sisi Wakongo anatuita "watu wa kambini". Nikiongea kwenye redio ya kuitana anaigiza sauti yangu mbele ya wengine, wanacheka. Ametukataza kuongea Kiswahili popote, hata kwenye chumba cha mapumziko tukila chakula chetu. Anasema rais ametangaza Kiingereza ndiyo lugha ya nchi. Lakini wenzetu wa Mexico wanaongea Kihispania meza ya pili na hawaambii kitu, na yeye mwenyewe anapiga simu kwa lugha ya kwao.

Mwezi wa tisa ilitangazwa nafasi ya kiongozi wa zamu katika chumba cha kufulia, dola mbili zaidi kwa saa. Tuliomba watu watatu. Tarehe 12 Septemba akapewa msichana aliyeanza mwezi wa nne, na mimi ndiye niliyemfundisha mashine. Nikauliza kwa nini. Shefu akanijibu, "Matamshi yako ni mazito, familia za wazee hazitakuelewa." Shangazi, chumba cha kufulia hakina familia. Kina mashuka.

Mwezi wa kumi nikaenda HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, binti yangu akanitafsiria kwa simu. Mama wa HR alinisikiliza, akasema atafuatilia, ila kwa mawazo yake mtu mweusi hawezi kumbagua mweusi mwenzake. Wiki mbili baadaye nikatolewa zamu ya asubuhi nikapelekwa usiku, na saa zangu zikashuka kutoka 40 hadi 28 kwa wiki. Wanasema ni mahitaji ya kazi. Halafu Januari hii, sisi Wakongo sita tuliambiwa tulete tena grinikadi, yangu eti inakaribia kuisha muda. Wengine hawakuambiwa.

Bwana yangu anataka ninyamaze. Mzee wa kanisa naye anasema nchi hii ilitupokea tukiwa hatuna kitu, na mgeni hapigi kelele nyumbani kwa watu. Mimi naogopa: nikishtaki, uraia wangu hautaharibika? Na kama kweli sheria ipo, mbona HR hawakuijua? Au niache tu kazi?

Mama Furaha, Louisville

---

Marahaba, Mama Furaha. Pole sana. Na nakushukuru kwa kuandika tarehe; wengi huniandikia "zamani kidogo" na hapo nakosa pa kuanzia.

Kwanza, usiache kazi. Anayeacha mwenyewe kisha akadai alisukumwa hubeba mzigo wa kuonyesha kwamba hali ilikuwa haivumiliki kwa mtu yeyote wa kawaida, na majaji ni wagumu sana hapo. Ukipata kazi nyingine nzuri, nenda kwa amani. Usiondoke tu kwa hasira Ijumaa moja na kuwarahisishia kazi.

Pili ni kalenda. Malalamiko ya ubaguzi wa kazini hupelekwa kwenye tume ya serikali kuu inayoitwa EEOC, na muda wa kuyapeleka ni siku 180 tangu tendo lenyewe. Kwenye majimbo yenye chombo chao cha haki za raia, Kentucky ikiwemo, siku hizo hufika 300. Lakini sipendi mtu ategemee tarehe ya mbali wakati ya karibu ipo. Ukihesabu tangu 12 Septemba, siku ya 180 ni 11 Machi. Jifanye hiyo ndiyo ya mwisho. Ujue pia kwamba kila tendo lina hesabu yake: kunyimwa nafasi kuna yake, kuhamishwa zamu kuna yake. Na kusubiri HR "wafuatilie" hakusimamishi kalenda. Nimeshasoma barua za watu waliosubiri kwa adabu mwaka mzima, kisha wakaambiwa wamechelewa.

Sasa sheria. Ile kubwa ni Sheria ya Haki za Raia iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai 1964. Sehemu yake ya saba inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, mbari, dini, jinsia, au asili ya taifa. Ziko dada zake: ya 1967 inayowalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, ya 1990 ya watu wenye ulemavu, na ile iliyoanza kutumika Juni 2023 inayomtaka mwajiri amrekebishie kazi mwanamke mjamzito. Wewe inakuhusu hiyo ya 1964, na maneno ya kushika ni "asili ya taifa".

Nitakuwa mkweli, maana wasomaji wengine huko Dallas na Des Moines wataisoma barua yako na kusema "hata mimi". Sheria ya Marekani haikatazi shefu kuwa na roho mbaya. Shefu anayewafokea wote sawasawa, anayependelea rafiki zake, asiyekuaga, huyo hana adabu lakini hajavunja sheria. Kinachotafutwa ni sababu. Alikufanyia hivyo kwa kuwa wewe ni Mkongo? Wewe unao ushahidi wa sababu: "watu wa kambini", Kihispania kinaruhusiwa na Kiswahili hakiruhusiwi, Wakongo sita tu wanaitwa na karatasi zao. Hayo ndiyo utakayoyaweka mbele. Kama ni kukosa adabu tu, achana nako.

Yule mama wa HR amekosea kabisa. Sheria haiulizi rangi ya anayebagua. Mweusi anaweza kumbagua mweusi, Mwafrika anaweza kumbagua Mwafrika, na sisi tuliotoka huko hatuhitaji kuelezwa hilo na wakili. Lakini usimchukulie HR kama adui. Mchukulie kama mtu anayelipwa na kampuni, basi. Kazi yake ni kuilinda kampuni, na wakati mwingine njia ya kuilinda ni kukutendea haki.

Kuhusu matamshi, sikiliza kisa hiki. Manuel Fragante, Mfilipino, alifanya mtihani wa kuajiriwa serikalini huko Honolulu, watu zaidi ya 700, akawa wa kwanza. Kazi ilikuwa ya ukarani wa dirishani kwenye ofisi ya magari. Wakamnyima kwa sababu ya lafudhi yake. Akashtaki, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikampa ushindi mwajiri, kwa hoja kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuzungumza na wananchi kutwa nzima. Uamuzi ule ulinikera, na bado unanikera. Lakini ndani yake mna silaha yako: mwajiri anaweza kutumia lafudhi kama sababu pale tu inapoharibu kweli kazi inayohusika. Kiongozi wa chumba cha kufulia anaongea na nani? Umeshalijibu mwenyewe, na vizuri kuliko wakili. Tafuta lile tangazo la nafasi, au lipige picha kama bado liko ukutani, uone majukumu yaliyoandikwa. Kama hapana mstari unaosema kuzungumza na familia, sababu ya shefu imebuniwa baadaye.

Suala la lugha lina utata kidogo. Mbele ya mzee anayehudumiwa, au pale penye hatari, mwajiri anaweza kudai Kiingereza, na kwa kweli bibi wa watu anayeogeshwa huku wahudumu wakiongea juu ya kichwa chake lugha asiyoijua anaweza kuingiwa na hofu. Hapo msibishane. Kwa miaka mingi EEOC imeshikilia kwamba marufuku ya saa zote, hadi kwenye mapumziko, inatiliwa shaka kisheria. Mahakama hazikubaliani zote. Ile ya rufaa ya California mwaka 1993, katika kesi ya kiwanda cha nyama, iliwapa kisogo wafanyakazi waliojua lugha zote mbili. Kwa hiyo usiiweke hoja yako kwenye marufuku peke yake. Iweke kwenye tofauti: meza moja inaruhusiwa, meza nyingine inanyamazishwa. Na lile tangazo la rais la Machi 2025 linahusu ofisi za serikali kuu. Halijamfanya shefu kuwa polisi wa chakula chako cha mchana.

Nimefika sasa kwenye kiini. Katika yote uliyoniandikia, jambo zito kuliko yote umelitaja kwa sentensi moja tu: ulilalamika, wiki mbili baadaye ukapelekwa usiku na kupunguziwa saa. Hiyo inaitwa kulipiza kisasi, na sheria ileile ya 1964 inaikataza peke yake. Maana yake, hata kama mwisho wa yote itaonekana nafasi ile alistahili yule msichana, na hata kama hakuna jaji atakayekubali kwamba ulibaguliwa, bado kampuni inaweza kuwa na hatia kwa kukuadhibu kwa kulalamika, mradi ulilalamika kwa nia njema. Kwa miaka mingi sasa hilo ndilo dai linaloongoza kwa wingi katika tume.

Yuko mama mmoja, Sheila White, aliyekuwa akiendesha forklifti kwenye yadi ya reli huko Tennessee, mwanamke peke yake katika idara yake. Alilalamika juu ya msimamizi wake, wakamtoa kwenye mashine na kumpeleka kufanya kazi ya mikono kwenye reli, kwa mshahara uleule. Baadaye wakamsimamisha siku 37 bila malipo, na Krismasi ikamkuta hapo. Kampuni ikajitetea kwamba cheo hakikubadilika na siku zile zilikuja kulipwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa mama huyo ushindi. Kipimo walichokiweka ni hiki: je, jambo alilofanyiwa lingemfanya mfanyakazi wa kawaida asite kulalamika? Na wakasema hali ya mtu iangaliwe. Kubadilishiwa ratiba kunaweza kuwa si kitu kwa mmoja, kukawa balaa kwa mama mwenye watoto wadogo wa shule. Wewe una watoto wanne na umepoteza saa 12 kila wiki.

Watasema ni mahitaji ya kazi. Sawa, waonyeshe. Nani mwingine alihamishwa wiki ile? Nani amewekwa kwenye zamu yako ya asubuhi? Kama zamu yako amepewa mtu mwingine, mahitaji ya kazi yako wapi? Tunza ratiba za kabla na baada, na hati za malipo zenye saa zake. Ukitumiwa ratiba kwa simu, ipige picha ya skrini siku hiyohiyo, kwa sababu zile programu za ratiba hufuta za nyuma. Usipige picha ya mzee yeyote wala karatasi za wagonjwa, hata kwa bahati mbaya. Hilo peke yake linaweza kukufukuzisha kazi kihalali.

Malalamiko ya mdomo kama yale ya Oktoba nayo yanalindwa, ila mdomo hauna tarehe. Waandikie HR barua pepe fupi, leo au kesho: tarehe fulani nilikuja kwenu nikaeleza kwamba shefu ananitendea tofauti kwa sababu mimi ni Mkongo, tarehe fulani nikahamishwa, naomba uchunguzi na majibu kwa maandishi. Neno "ubaguzi" na neno "Mkongo" yawemo. Mtu akiandika "shefu hanitendei vizuri" bila kusema kwa sababu gani, kampuni hudai haikujua kwamba ni suala la ubaguzi, na mara nyingi huaminiwa.

Kuhusu grinikadi, hili lina ofisi yake kabisa ndani ya Wizara ya Sheria, inayoshughulikia haki za wahamiaji na wafanyakazi. Ulipoajiriwa ulijaza fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi nchini. Hapo mfanyakazi ndiye huchagua karatasi anazotoa kati ya zinazokubalika, na mwajiri haruhusiwi kusema nataka hii na si ile. Mkaazi wa kudumu aliyeonyesha grinikadi yake hapaswi kuombwa tena eti kwa kuwa kadi inaisha muda. Kadi inaisha, ukaazi hauishi. Kuwachagua Wakongo peke yao ni kosa juu ya kosa. Piga 1-800-255-7688. Mara nyingine ofisi hiyo humpigia mwajiri siku zilezile na jambo linaisha bila kesi. Hapa siku ni 180, hakuna nyongeza.

Uraia hauhusiani na hili. Kumshtaki mwajiri si kosa la jinai, na malalamiko yako hayaendi uhamiaji. Hata asiye na karatasi anaweza kupeleka malalamiko EEOC, ingawa fidia yake inaweza kuwa na mipaka. Kitakachoweza kukuharibia uraia ni kudanganya kwenye fomu, basi usidanganye, huku wala kule.

Mwambie mzee wa kanisa, kwa heshima zote, kwamba shukrani ni jambo la kweli na wala simdharau. Lakini sheria hii haikutoka kwa wenye nyumba ya wazee. Ilitoka kwa Wamarekani weusi waliopigwa virungu na kuumwa na mbwa wa polisi mitaani Birmingham mwaka 1963, mwaka mmoja kabla haijasainiwa. Kama ni kushukuru, wao ndio wa kwanza. Bwana yako yeye nadhani anaogopa kodi ya nyumba, na hiyo hofu ina msingi. Mketi mpige hesabu pamoja kabla hujapeleka chochote.

Maana fedha zenyewe ni hivi. Kupeleka malalamiko ni bure na huhitaji wakili. Ukishinda unaweza kurudishiwa mshahara uliopotea, na juu yake fidia ya maumivu na adhabu yenye kikomo: kampuni ya wafanyakazi 101 hadi 200 haizidi dola 100,000, na yenye zaidi ya 500 haizidi 300,000. Uliza kama nyumba yenu ni ya kampuni yenye nyumba nyingine, kwani wanaweza kuhesabiwa wote. Kwa dai la mbari kuna pia sheria ya zamani ya 1866 isiyo na kikomo hicho, inayowafaa hata walio kwenye biashara ya watu watano. Wengi huishia kwenye upatanishi, ambao EEOC huutoa bure kama pande zote zinakubali: kurudishiwa zamu, saa, na kiasi fulani cha fedha. Mimi ningekushauri uupokee kwa mikono miwili. Kesi ni ndefu. Waislamu wa Greeley, Colorado, wengi wao Wasomali, waligombana na kampuni ya nyama ya JBS juu ya sala wakati wa Ramadhani ya 2008. Dola milioni 5.5 zilikubaliwa mwaka 2021. Ukiletewa karatasi yoyote ya kusaini yenye hundi ndani yake, usiisaini siku hiyo. Mpe wakili aisome kwanza. Wengi wa mawakili wa kazi hulipwa baada ya kushinda tu.

Tume mara nyingi haifungui kesi yenyewe. Hukupa barua ya kukuruhusu kwenda mahakamani, na tangu uipokee una siku 90, hazirudi. Barua hiyo siku hizi huja kwenye akaunti yako ya mtandaoni na taarifa hutumwa kwa barua pepe. Najua barua pepe za watu wetu: ilifunguliwa na shirika lililowapokea uwanja wa ndege, nywila anaijua kijana ambaye sasa yuko chuo Ohio. Fungua mpya wiki hii, nywila uijue wewe.

Na binti yako mpumzishe. Asitafsiri maneno ambayo mama yake ametukanwa nayo. Piga EEOC, 1-800-669-4000, sema "Swahili" na usubiri mkalimani, ni bure. Wakikuunganisha na wa Kisomali au wa Kilingala, kata, upige tena.

Shangazi